Kuchagua oili ya giaboksi otomatiki kwa gari lililotumika lenye kilomita chache: mwongozo kamili

Gari lina umri wa miaka tisa, dashibodi inasoma kilomita 38,000. Muuzaji anakwambia kwa furaha kuwa giaboksi haijawahi kuguswa, nawe unaipokea kauli hiyo kama sifa. Mimi nikiisikia huanza kuuliza maswali. Ikiwa ni kweli, oili iliyomo ni ileile iliyotiwa kiwandani miaka tisa iliyopita. Ikiwa si kweli, kuna mtu aliyeigusa na hakuna anayejua alitia nini. Namba ya kilomita haikusaidii kujua uko upande upi.

Giaboksi ya gari la namna hii kwa kawaida bado ni nzima: klachi zake hazijalika, sili hazijaanza kuvuja. Kinachoiua mapema ni oili isiyo yake, na inauma kwa sababu oili sahihi mara nyingi ilikuwa imekaa rafu moja na ile isiyofaa. Kwa hiyo tutakwenda polepole hasa kwenye kutafuta jina la oili, maana kosa la hapo halirekebishiki kwa ufundi wowote wa kumwaga na kujaza.

Kwa nini oili nyekundu si zote moja

Oili ya injini inalainisha, inapoza na kusafisha. Oili ya giaboksi otomatiki inafanya hayo na zaidi. Inabeba nguvu ya injini ndani ya torki konveta, yaani kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inasukuma vali kwa shinikizo ili gia zibadilike, na inaamua klachi zishike vipi. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Klachi za giaboksi otomatiki zimelowa muda wote. Sahani zake zimebandikwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu, nazo zinashikana zikiwa ndani ya oili. Oili inatakiwa iziache ziteleze kidogo sana, kisha zikamate bila kustuka. Ikiteleza kupita kiasi, klachi zinaungua. Ikishika kwa ghafla, gari linaruka au kutetemeka. Kiasi cha utelezi huo kinapangwa na kemikali zilizomo kwenye oili, na kila mtengenezaji hubuni giaboksi yake kwa oili yenye utelezi anaoujua.

Kazi hii ina historia ndefu. General Motors walitoa oili yao ya Type A mwaka 1949, na Dexron ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 oili hizi zilitiwa mafuta ya nyangumi, kwa sababu yalizifanya klachi zishike kwa ulaini. Marekani ilipoyapiga marufuku, wakemia walilazimika kutengeneza mbadala wake.

Tofauti ya pili ni mnato. Dexron III ya miaka ya 1990 ilikuwa na mnato wa takriban sentistoki 7 (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) kwenye nyuzi joto 100. Dexron VI, iliyokuja miaka ya 2005 na 2006, iko kwenye 6 hivi, na oili za giaboksi za gia kumi ni nyepesi zaidi ya hapo. Ukitia nzito kwenye giaboksi iliyoundwa kwa nyepesi, vali zinachelewa kusogea, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Ukitia nyepesi kwenye giaboksi ya zamani, shinikizo linapungua oili ikipata moto.

Hatua ya 1: Ijue giaboksi uliyonayo

Gari "otomatiki" linaweza kuwa na mojawapo ya mashine kadhaa zisizofanana. Kuna otomatiki ya kawaida yenye torki konveta na gia nne hadi kumi. Kuna CVT, ambayo haina gia za kuhesabika bali mkanda au mnyororo wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Kuna yenye klachi mbili, kama DSG za Volkswagen. Oili ya kawaida ya otomatiki ikitiwa kwenye CVT, mkanda unateleza juu ya puli na kuzikwaruza, na puli iliyokwaruzwa hairudi ilivyokuwa hata ukiosha na kubadilisha oili mara kumi.

Tahadhari moja kwa wenye haibridi za Toyota. Watu huita giaboksi yake CVT, hata vitabu vingine huandika hivyo, lakini ndani hakuna mkanda. Kuna gia za sayari na mota za umeme. Prius tangu toleo la pili hutumia ATF WS (ATF ni kifupi cha oili ya giaboksi otomatiki), si oili ya CVT. Nimeona watu wazuri wakikosea hapo kwa kufuata jina.

Usitegemee jina la gari peke yake. Modeli moja, mwaka mmoja, inaweza kuwa ilitoka kiwandani na giaboksi mbili tofauti kulingana na injini au kama ni ya kuendesha magurudumu manne. Tafuta kibati cha chesisi: hukaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukuta wa chumba cha injini, au chini ya kiti cha mbele. Kwenye Toyota tazama mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kando ya namba ya ekseli kuna msimbo wa giaboksi, kwa mfano U340E au K310. Herufi ya kwanza tayari inakwambia mengi: A na U ni za kawaida, K ni CVT. Piga picha ya kibati hicho na uihifadhi kwenye simu.

Hatua ya 2: Pata jina la oili, na usikubali jibu la rangi

Ukimuuliza mtu gari lako linatumia oili gani akajibu "nyekundu", huna jibu bado. Rangi ni ya kutiwa tu, iliwekwa ili uvujaji wa giaboksi utofautishwe na wa injini.

Shahidi wa kwanza ni kitabu cha gari, ukurasa wa vipimo na ujazo. Magari yaliyotumika mara nyingi hufika bila kitabu, au kinakuja kwa lugha usiyoisoma, lakini hata humo jina la oili limeandikwa kwa herufi za Kilatini na utalitambua. Shahidi wa pili ni kijiti cha kupimia. Kichomoe, kifute kwa kitambaa safi, kisha kigeuze polepole kwenye mwanga. Kwenye Toyota nyingi utakuta herufi ndogo zilizogongwa kwenye bapa la chuma, karibu na alama za moto na baridi: T-IV, au jina jingine. Zimejaa oili na vumbi la miaka, ndiyo maana wengi hawajawahi kuziona. Kwenye baadhi ya magari yasiyo na kijiti, na siku hizi ni mengi, jina huandikwa kwenye boliti ya kujazia yenyewe; boliti za Toyota nyingi zinazotumia WS zina herufi hizo kichwani.

Majina utakayokutana nayo ni mengi, nami nitataja yanayosumbua zaidi. Toyota: T-IV kwa giaboksi za zamani kidogo, WS kwa mpya zaidi, na hizi mbili hazibadilishani, kwa CVT kuna TC na iliyoifuata, FE. Honda: Z1, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na DW-1, na HCF-2 kwa CVT. Nissan: Matic D, Matic J na Matic S kwa otomatiki za kawaida, kisha NS-1, NS-2 na NS-3 kwa CVT. Mitsubishi na Hyundai wanashirikiana majina ya SP, kama SP-III, na Hyundai wana SP-IV. Mazda za Skyactiv hutumia FZ, ilhali ndugu zao wakubwa walitumia M-V. Ford wana Mercon V na Mercon LV, ambazo usizichanganye kwa sababu ya jina la ukoo. Chrysler nyingi zinataka ATF+4 wala hazikubali Dexron mahali pake.

Ukikuta mashahidi wawili wanapingana, mfuate mtengenezaji wa gari kabla ya kumfuata muuza oili. Na oili mpya kuchukua nafasi ya ya zamani, kama DW-1 kwa Z1, ni jambo la kuaminika pale tu mtengenezaji mwenyewe amelitamka.

Hatua ya 3: Ipime oili iliyomo

Hapa gari lenye kilomita chache lina mambo yake. Oili haizeeki kwa kilomita pekee. Inazeeka kwa joto, hewa na unyevu. Gari lililokuwa likienda dukani na kurudi, dakika kumi kila safari, lilikuwa halipati joto la kutosha kukausha unyevu unaoingia kupitia tundu la hewa la giaboksi. Lililokaa miezi bila kuwashwa lina sili zilizoanza kukauka sehemu ya juu, mahali oili isipofika.

Kabla ya yote, jiridhishe kuwa kilomita zenyewe ni za kweli. Pedali ya breki iliyolika kona, usukani uliong'aa pale mikono inaposhika, na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na kilomita 38,000. Ukiona hivyo, endelea na mwongozo huu, ila ichukulie giaboksi kama ya gari lililotembea sana.

Sasa dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe na uliache dakika kumi. Oili iliyo hai husambaa taratibu, ikiacha duara la waridi au kahawia nyepesi. Ikibaki doa jeusi katikati lisilosambaa, imebeba uchafu mwingi. Nusa pia. Harufu ya kuungua, kama ya mkate uliosahauliwa motoni, inamaanisha klachi zimepata joto kali, na weusi peke yake bila harufu hiyo si wa kutisha, kwani rangi nyekundu hupotea mapema. Ukiona oili imekuwa kama maziwa ya waridi, simama hapohapo. Maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta, na hapo kubadilisha oili tu hakutoshi. Tatizo la rejeta litibiwe kwanza, na gari lisiendeshwe.

Hatua ya 4: Soma kopo

Ninalijua jambo hili kwa gharama. Gari la kwanza la namna hii nililonunua lilikuwa na kilomita 41,000, na gereji moja iliyolihudumia ilitia oili nyekundu ya pipa, "inayokubali magari yote". Wiki ya pili likaanza kutetemeka kila nilipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa nikiwa nimekanyaga mafuta kidogo tu. Ulikuwa mtetemo mfupi, kama kupita juu ya matuta madogo ya kuamsha madereva, kisha unatulia. Nilibadilisha plagi. Nilibalansi matairi. Ilikuwa klachi iliyo ndani ya torki konveta, inashika na kuachia kwa sababu oili haikuwa na utelezi inaoujua. Nilimwaga na kujaza mara tatu kwa oili iliyotajwa kwenye kijiti, nikiendesha siku chache katikati, na mtetemo ukaisha. Nilikuwa na bahati, maana ningeendelea miezi sita zaidi sahani ile ingeungua.

Tangu hapo nasoma kopo kwa makini, na neno ninalolitafuta ni moja: kibali. Kopo linaweza kusema limeidhinishwa na mtengenezaji fulani, au linaweza kusema linafaa kwa magari ya fulani. Kauli ya kwanza inamaanisha mwenye kiwango aliipima oili na kuipatia leseni. Dexron VI halisi, kwa mfano, ina namba ya leseni inayoanza na herufi J nyuma ya kopo. Kauli ya pili ni neno la muuzaji mwenyewe. Si lazima liwe la uongo, na kuna kampuni kubwa zinazotengeneza oili za magari mengi ambazo zimefanya kazi vizuri kwa miaka. Lakini oili moja yenye orodha ya majina thelathini, kuanzia T-IV hadi WS hadi Matic J, imechukua njia ya katikati, na giaboksi yako haihitaji njia ya katikati ikiwa yake inapatikana.

Ushauri wangu kwa gari lenye kilomita chache ni huu. Nunua oili yenye jina la mtengenezaji wa gari, au iliyo na kibali chake kilichoandikwa. Ukishindwa kabisa, chukua ya kampuni inayotaja jina la oili yako hasa, si ile inayotaja dunia nzima. Kwa CVT sina mbadala wa kukupa: tia yenye jina lake.

Oili zilizoandikwa kwamba ni za magari yaliyotembea sana ziache. Zina kemikali za kulainisha na kutanua sili zilizozeeka, na zimekusudiwa magari yaliyopita kilomita laki moja na zaidi. Sili zako, kama hazivuji, hazihitaji kutanuliwa. Vichupa vya kuongeza juu ya oili pia viache. Vinabadilisha ule utelezi tuliotumia muda wote huu kuutafuta.

Angalia pia kopo lenyewe: sili ya mfuniko iwe nzima, namba ya toleo iwe imechapwa kwenye plastiki na si kwenye karatasi inayobanduka, na ujazo uwe sawa kwa makopo yote.

Hatua ya 5: Hesabu kiasi

Kitabu huandika namba mbili: ujazo wote, na ujazo wa kubadilisha. Tofauti yao iko ndani ya torki konveta na mabomba, ambako oili haitoki kwa kufungua boliti ya chini. Chukua giaboksi yenye lita 7, inayotoa lita 3.5. Kumwaga mara moja kunabadilisha nusu. Ukirudia, robo tatu ni mpya. Mara ya tatu unafika asilimia 87 hivi. Giaboksi ya lita 8 inayotoa lita 3 tu itakuwa na asilimia 76 baada ya mara tatu.

Ikiwa oili iliyomo ni ya jina sahihi na imezeeka tu, mara moja au mbili inatosha. Ikiwa hujui nani alitia nini, nunua ya mara tatu.

Hatua ya 6: Mwaga na ujaze

Fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma, afadhali ujue ukiwa bado na oili ndani. Gari likae sawa juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake, na oili iwe ya uvuguvugu tu. Iliyotoka safarini inaunguza mkono.

Iache itoke kwenye beseni safi, kisha ihamishe kwenye chupa zenye alama za lita. Kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha kama hesabu ya kuanzia. Tazama sumaku ya boliti au ya sampu (bakuli la chini ya giaboksi): ute wa kijivu, laini kama majivu yaliyolowa, ni wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni habari nyingine, na hapo mtafute fundi wa giaboksi. Kama sampu inafunguka, badilisha gasketi na filta. Boliti iwekewe washa mpya.

Kusafisha kwa mashine inayosukuma oili kwa nguvu sikupendekezi. Kwa gari lenye kilomita chache hakuna inachokuongezea ambacho kumwaga mara tatu hakukupi.

Kupima usawa ndiko kunakoharibu kazi nzuri, kwa hiyo fuata utaratibu wa gari lako. Toyota nyingi zenye kijiti hupimwa injini ikiwa imewashwa na ina moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya sekunde 60 hadi 90. Mitsubishi na Hyundai za zamani hupimwa zikiwa N. Zisizo na kijiti hupimwa kwa boliti ya kufurikia injini ikinguruma, oili ikiwa na joto maalumu, aghalabu kati ya nyuzi 35 na 45, linalosomwa kwa kifaa cha uchunguzi. Unasubiri mkondo mwembamba ugeuke matone, ndipo unafunga. Ukipima oili ikiwa ya moto zaidi, imetanuka, itafurika mapema na utabaki na pungufu. Ukipima ikiwa baridi, utakuwa umejaza kupita kiasi.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Endesha kwa upole dakika ishirini, ukipita kwenye gia zote. Angalia chini ya gari kesho yake, na upime usawa tena baada ya siku chache. Baadhi ya giaboksi zinahitaji kufutwa kumbukumbu zake ili zijifunze upya namna ya kushika, na fundi mwenye kifaa cha uchunguzi hufanya hivyo kwa dakika chache.

Neno kwamba oili ni "ya maisha yote" usilibebe kama lilivyo. ZF, wanaotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, wenyewe hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka minane. DSG ya gia sita yenye klachi za oili hubadilishwa kila kilomita 60,000. Kwa gari linalotembea kidogo mimi huhesabu miaka: mitano kwa otomatiki ya kawaida, minne kwa CVT.

Oili iliyotoka irudishe kwenye makopo matupu na uipeleke inapokusanywa, isimwagwe ardhini. Kisha andika kwenye karatasi ngumu tarehe, kilomita, jina kamili la oili na lita ulizotia, uifunike kwa plastiki na uibandike chini ya boneti. Atakayelinunua gari hilo baada yako hatalazimika kukisia.